Mpanda Farasi wa Shoto

Lumbu yangu Mwajuma,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana najua Rehema akikusomea jina langu tu utasema shikamoo kaka, kana kwamba nimeketi hapo barazani Mnyuzi. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi cha mvua kimekuacha? Mimi moyo umechoka. Naandika kwa mkono uleule wa kushoto niliokuwa nikichapwa rula kwa ajili yake shuleni, na sasa unatetemeka, kwa hiyo mwambie binti yako asome polepole.

Huku Uswidi baridi bado haijatoka. Mwanangu huja Jumapili na supu, hunikuta dirishani na blanketi. Juzi mjukuu aliniuliza tulitazama nini nilipokuwa kijana, nikamwambia sinema za farasi. Akanitafutia moja kwenye kompyuta yake, ya zamani sana, ya wale Wamarekani waliotengeneza picha kwa fedha kidogo. Sijui kama ndiyo ile tuliyoonyeshwa kambini kwetu au ndugu yake, kwani zilifanana. Steringi anakimbizwa na majambazi, anapita jiwe kubwa. Baadaye analipita tena jiwe lilelile, na farasi aliyekuwa mweusi mwili mzima sasa ana doa jeupe usoni. Mjukuu akacheka. Mimi nililia, akadhani ni moyo.

Nimejiuliza tulipenda nini katika picha duni namna ile. Nadhani ni farasi. Kambi nzima ya mkonge iliamka kwa king'ora cha korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge, na kupumzika kwa king'ora. Baba alikwenda alikopelekwa na nyapara. Halafu gari la sinema linafika, shuka linafungwa kwenye goli la uwanja wa mpira, na tunamwona mtu anamgeuza farasi upande anaoutaka mwenyewe, bila kumwomba yeyote ruhusa. Hata vumbi lake lilikuwa kama la Handeni wakati wa kiangazi.

Wewe ulikuwa mdogo, ulilala mapajani mwa Mama, kwa hiyo jambo hili hulijui. Siku moja mkalimani wa gari la sinema alikuwa amekaukiwa na sauti. Karani wa kambi akanivuta, "Wewe msomi, njoo useme," akanipa kipaza sauti. Kiingereza changu cha shule kilikuwa kidogo, na wale watu walisema haraka kupitia puani. Nilibuni. Steringi alipozungumza kwa muda mrefu na binti wa mwenye ng'ombe, nilitangaza kuwa wanapatana bei. Mara wakabusiana. Nyapara mmoja akauliza kwa sauti, "Ng'ombe gani hao wanaolipiwa kwa midomo?" Uwanja mzima ukaangua kicheko, nami nikapata moyo wa kuendelea kudanganya.

Mwisho wa picha, steringi anamuaga bibi kizee aliyemficha nyumbani kwake. Maneno yake yalikuwa machache na mepesi, na hayo niliyaelewa vizuri kabisa. Alimwambia, "Usiningojee. Sitarudi." Kisha akapanda farasi.

Wanaume walikaa mbele ya shuka, wanawake na watoto nyuma yake. Ndiyo ilikuwa desturi yetu. Kutoka nyuma nikasikia sauti ya Mama, "We Ramadhani, anasemaje huyo? Anakwenda wapi?"

Lumbu yangu, wakati ule nilikuwa nimeshachaguliwa kwenda kusoma mbali, na Mama sikuwa nimemwambia. Nikainua kipaza sauti nikasema, "Anakwenda kutafuta maisha. Amesema atarudi." Wanawake wakapiga vigelegele.

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa na furaha nyingine tena. "Mmemwona alivyo wa shoto? Kama mwanangu huyu."

"Wa shoto wapi?" Baba akasema. "Bastola aliishika mkono wa kulia. Nimemwona kwa macho yangu."

"Macho gani, mume wangu? Ulivyokoroma tulikusikia mpaka upande wetu."

Waliligombania jambo hilo miaka yote, na kila mmoja alisema kweli, kwa kuwa picha ukiitazama kutoka nyuma ya shuka, kulia kwake huwa kushoto. Mimi niliyesimama ubavuni mwa shuka nililijua. Nilinyamaza. Mama alikuwa amempata mtu mkubwa wa shoto ambaye hakuna mwalimu aliyethubutu kumchapa, na sikutaka kumnyang'anya.

Siku ya safari, pale stesheni ya Mnyuzi, hakulia. Alinishika mkono huu wa kushoto akasema, "Nenda. Hata mwenzio wa shoto aliahidi kurudi." Nikasema nitarudi. Nikasoma, nikapata kazi, nikaoa, nikazeeka. Niliporudi ile mara moja tu, Mama alikuwa ameshazikwa Kwaluguru kwa watu wake. Na wewe ukanisindikiza stesheni ileile, na mimi nikakwambia maneno yaleyale.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Rehema ameniambia maji ya mvua yaliingia ndani ukalala yanapita chini ya kitanda. Ameniambia amekuandalia chumba kwake Kilole, karibu na hospitali, na kila akija kukuchukua unamwambia, "Nikihama, kaka akishuka atamkuta nani?" Ameniambia chumba changu bado unakifagia. Kwenye simu ukiniuliza nakuja lini, nasema mvua zikiisha. Nimesema hivyo mvua nyingi.

Daktari amekwisha kuniambia: ndege sitapanda tena, na majani ya miti ya huku huenda nisiyaone yakichipua. Nitazikwa huku, karibu na mke wangu. Kila uliponiuliza nilikuwa na maneno yale mepesi niliyoyaelewa tangu ujana, nikashindwa kuyatamka. Nayasema sasa. Usiningojee, Mwajuma. Sitarudi. Yule bwana wa farasi naye hakurudi, na hakuahidi. Ahadi ilikuwa yangu.

Nenda Kilole. Beba kitanda cha Mama, na kile cha chumba changu mpe atakayekihitaji. Ukikasirika, kasirika ukiwa mahali pakavu.

Nisalimie mume wa Rehema, mwambie yule mkwe wangu namshukuru kwa kukubali kukaa na mama mkwe. Nisalimie mjane wa mjomba wetu kule Kwaluguru, anayepalilia makaburi, na jirani yako wa ng'ombe anayekuletea maziwa. Mwombe asikusahau ukiwa mjini. Wajukuu wote wabusu.

Ukienda Kwaluguru kumsomea Mama dua, mweleze hili la kurudi, kwamba mwanawe alimdanganya mbele ya kambi nzima na anaomba radhi. Lile la shoto usimwambie. Mwachie.

Ni mimi kaka yako,
Ramadhani