Maua kwenye Nguo Nyeusi

Jumamosi, Septemba 2017

Bado wananiudhi wale kina mama wa kanisa. Bustani nzuri vile ya zamani, huko mashambani tulikotembea nao leo, miplamu imechanua na kumwaga maua meupe mpaka udongo hauonekani, na wao wananong'ona juu ya Mama Neema: mjane amefuata nini kwenye maua?

Mwaka umeshapita tangu mumewe afariki. Lakini kwetu mjane havui nguo nyeusi mpaka ukoo wa mume utoe matanga, na ukoo huo uko nyumbani, Uvira. Akipiga simu, wanamwambia asubiri. Hapa Jeppe, ugenini, nani atamvua?

Alikaa chini ya mti, maua yakamwangukia mabegani. Nilipotaka kumpangusa akasema, "Acha, dada. Yakae tu."

Akarudi nayo hadi mjini. Kila gari letu liliposimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, niliyaangalia. Bado yapo.

Tulipofika kwangu hakuaga. Alitazama cherehani yangu kwa muda, kisha akanyoosha mikono pembeni kama mteja. Nikachukua futi, nikampima.

Naogopa maneno ya kesho kanisani. Wateja wangu ni haohao kina mama.

Lakini kitenge cha njano nimeshakikata, na kitambaa kikishakatwa hakirudi dukani.