Rangi Tatu za Dirishani

Machi 2

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila miguu inawaka moto kwa kusimama kutwa hapa karakana ya uchoraji.

Nakutumia kazi yangu ya kwanza. Usitafute mtu wala nyumba humo, ni rangi tu: bluu niliyoizimua kwa maji juu ya nailoni, ili mwanga upite. Ibandike dirishani, karibu na kitanda cha mwanangu Kidoti. Nitatuma ya pili uiweke juu yake, halafu ya tatu, kisha mafunzo yanaisha nije.

Umesema siku hizi anakuita wewe mama. Naogopa nitaingia mlangoni mwanangu aniulize namtafuta nani.

Mwanao

Machi 19

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, unalalamika kwa mazoea tu.

Nisamehe. Nilidhani ni kitambaa cha meza kimechafuka njiani, nikakitia sabuni! Bluu karibu yote imekwenda na maji. Kilichobaki nimekibandika, lakini Kidoti hata hakitazami. Na nikimwonyesha picha yako anajificha nyuma yangu. Nakwambia mapema, usije ukashtuka.

Mama yako

Aprili 8

Mama, shikamoo,

Nimecheka mpaka mwalimu akauliza kulikoni. Baadaye nikalia kidogo, ila si kwa ajili ya sabuni.

Usiibandue. Mwalimu anasema rangi ya chini hata ikififia, inaigeuza ya juu. Hii hapa njano. Ibandike ncha za juu tu.

Mwanao

Aprili 27

Mwanangu,

Makubwa! Kitanda kizima kimekuwa kijani kama majani machanga. Kidoti kaniuliza, “Bibi, nani kamwaga rangi?” Nikamwambia, mama yako. Sasa kila asubuhi anafunua njano, anachungulia kama bluu bado ipo, anaifunika tena. Umesikia lakini? Kaniita bibi.

Mama yako

Mei 15

Mama, shikamoo,

Hapo alipokuita bibi nimepasoma mara nyingi. Hii ni nyekundu, ya mwisho. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja. Akinikimbia, usimlazimishe.

Mwanao

Mei 20

Mwanangu,

Marahaba. Nyekundu imefika, sijaibandika. Nilipopanda kiti, Kidoti alinishika gauni: “Acha, ataweka mama wa dirishani.”

Mimi leo kaniita mama wa jikoni. Basi tuko wawili, na wala sijamsahihisha.

Amekata vipande vya selotepu, amevibandika ukingoni mwa dirisha, vinakusubiri. Njoo upesi, vinashika vumbi.

Mama yako wa jikoni