Sekunde Ishirini za Kwanza

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na kwamba bado unawakimbiza wenzako jikoni. Mimi mzima, na nakula vizuri, usianze.

Umetaka nikueleze kazi yangu bila maneno ya kukutia usingizi, maana kantini yenu nzima wananiita Daktari wa Mate na huna la kuwajibu. Haya. Ndani ya tezi za mate kuna seli, na ndani ya seli kuna kimeng'enya kinachosaidia kusukuma chumvi. Chumvi ikivuka, maji huifuata, na hayo ndiyo mate. Nachukua vipande vya tezi ya panya, naviweka kwenye maji ya uvuguvugu, navidondoshea dawa inayozifanya seli zitoe mate, halafu baada ya dakika kumi nazigandisha ghafla na kupima kimeng'enya kilikuwa kinafanya kazi kiasi gani.

Jibu langu la miaka mitatu ni kwamba hakuna tofauti, seli ikiwa imepumzika au ikitoa mate. Ripoti nimeshaikabidhi. Nitaitetea mbele ya jopo tarehe 20 Machi, na nikipita utaweza kuniita daktari bila kucheka.

Mwanao

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linasema lake na mimi nasema langu, kazi inaendelea. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani.

Kuna kitu kimenikwaza. Kwa nini dakika kumi? Hapa kiwandani king'ora cha chai kinalia saa nne kamili, na watu mia nne wanaingia kwa mpigo. Hapo ndipo ungeona jiko likifanya kazi. Ukija dakika kumi baadaye utatukuta tumekaa juu ya makreti, tumevua viatu. Kuna mwaka mkaguzi alitukuta hivyohivyo, akaandika kwamba jiko lina watu wa ziada. Nikamwambia aje king'ora kinapolia. Akaja, akafuta maneno yake.

Mimi sijasoma, lakini nikikata ndimu tu mdomo umeshajaa. Sasa wewe unaingia jikoni kwa hizo seli saa ngapi?

Shangazi yako

6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Natumaini u mzima, na goti pia.

Swali lako niliwasomea wenzangu wa maabara, tukacheka. Usiku wake sikupata usingizi. Tunagandisha baada ya dakika kumi kwa sababu Profesa anayenisimamia amefanya hivyo kwa miaka kumi na moja, na mwalimu wake kabla yake. Hakuna sababu nyingine. Nilitafuta.

Basi nimegandisha baada ya sekunde ishirini. Kimeng'enya kilikuwa kinafanya kazi mara tatu ya kawaida. Zikifika dakika mbili kimesharudi pale pale. Nimerudia mara sita. Ripoti yangu ni makosa matupu.

Profesa aliziangalia namba, akasafisha miwani yake muda mrefu, akasema, "Wewe pita kwanza. Utasahihisha baadaye." Zaidi yetu wawili hakuna anayejua. Nikilisema mbele ya jopo, miaka mitatu inaweza kwenda na maji. Naogopa, Shangazi. Wewe ulimkabili mkaguzi. Niambie ujasiri ule uliutoa wapi.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Leo sitauliza afya. Kaa chini.

Mkaguzi sikumwambia kitu. Nilikudanganya, na nimeisimulia hivyo miaka mingi mpaka nikaanza kuiamini. Nilikuwa nimepewa upishi mkuu mwezi uleule na nikaogopa kukipoteza cheo. Aliniuliza kama jiko liko hivyo siku zote, nami nikakunja mikono. Watu watatu wakaondolewa kazini. Mmoja alikuwa mwosha vyombo niliyeanza naye kazi siku moja. Mpaka leo nikimwona navuka barabara.

Nilijiambia nitaongea mambo yakitulia. Hiyo baadaye ya Profesa wako naijua, na kwangu haijawahi kufika. La kufanya sikuambii. Ila nimekulea mwenyewe, na najua moyo wako una nguvu kuliko wangu. Hilo silisemi kukupamba.

Shangazi yako

21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, kweli kabisa.

Nimesema. Kabla hata ya kuonyesha picha ya kwanza niliwaambia kwamba ripoti waliyoshika ina makosa, nikawachorea ubaoni sekunde ishirini zile. Mzee mmoja wa jopo akauliza nani alinishauri kubadili muda. Nikamjibu kwamba ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda. Akaandika.

Kisha Profesa akasimama, ingawa siku ile hakuwa na ruhusa ya kusema. Akasema majibu yake ya miaka kumi na moja yamepimwa kwa dakika hizohizo kumi, na anaomba iandikwe kwamba nayo yana kasoro. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Hawakunipitisha. Nimepewa mwaka mmoja nianze upya. Nililia chooni kidogo, nikanawa uso, nikarudi maabara kuandaa vipande vipya. Safari hii napima kila baada ya sekunde kumi. Sijutii hata kidogo.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kantini nimewatangazia kwamba hukupita. Wakaanza kunipa pole, nikazikataa. Nina fahari na wewe mpaka nimetia chumvi mara mbili kwenye maharage ya watu mia nne, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Jumapili nilikwenda kwa yule mwosha vyombo. Nilisema yote nikiwa mlangoni, maana ningekaa ningeanza kuulizia wajukuu na siku ingepita. Nikamwambia nilijua jiko haliko vile, nikanyamaza, na yeye ndiye aliyelipia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunisaidia hata kwa neno moja.

Akasema amejua siku zote. Siku ile alikuwa stoo, nyuma ya mlango, akingoja nimjibu mkaguzi.

Kisha akaniuliza kama nimekula, nikamwambia bado.

Shangazi yako