Mchele wa Baraka Ndani ya Injini

Shangazi Tulasa, nakusikiliza redioni kila Jumamosi hapa Ghorahi, Nepal, nikiosha vyombo, leo ni zamu yangu kukuchosha masikio, nisaidie maana moyo haujatulia tangu sikukuu ya Biswakarma.

Najifunza ufundi wa pikipiki kwa dada Dilmaya, mwanamke pekee mwenye gereji barabara ya stendi, na shangazi, yule ni fundi kwelikweli, anagusisha bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, anakuambia valvu ipi imelegea, na mimi ndiye mwanafunzi niliyeanza kwa kukaza nati mpaka meno yakalika, nikajaza oili mpaka pikipiki ikafuka moshi mtaa mzima, na hajanitukana hata siku moja, alinifungulisha na kunifungisha tena mpaka mikono ikazoea.

Basi siku ya Biswakarma, mungu wa mafundi, kama ujuavyo, hakuna anayeshika spana, zana zinaoshwa, zinapakwa rangi nyekundu na kurushiwa mchele wa baraka, nami nikataka pikipiki ya Thaneshwar muuza maziwa ibarikiwe vizuri, nikaimwagia konzi nzima, nimesahau kwamba jana yake nilichomoa plagi na sikuziba tundu kwa kitambaa. Kesho yake asubuhi nikafunga plagi, nikapiga kiki, injini ikasaga, ikagoma. Dada alipoifungua alikuta punje zimenasa kwenye valvu, nayo imepinda. Thaneshwar akafoka mbele ya watu kwamba hayo ndiyo mambo ya gereji ya wanawake, dada akamjibu, "Kosa ni langu. Nitaitengeneza." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikijifanya nafuta spana. Tangu hapo pikipiki inasubiri valvu mpya, wateja wanavuka kwenda gereji ya ng'ambo na dada hajaniuliza neno, je, niondoke kimyakimya wateja wamrudie, au niseme ukweli kwanza?

Pabitra

*

Pabitra mwanangu, nisikufiche, nimecheka. Pole.

Useme ukweli gani ambao yeye haujui? Plagi ulichomoa wewe, mchele ulimwaga wewe, na punje kaziokota yeye. Anajua tangu alipofungua. Alikukinga kwa jina lake, na mwanamke hapewi jina bure kwenye barabara ile, kwa hiyo namvulia kofia hapahapa redioni. Wewe unataka kumlipa kwa kutoroka? Ukiondoka watu watasema wanawake wameshindwa wawili badala ya mmoja. Na usijidanganye kwamba unamhurumia, unaogopa aibu tu.

Lakini nawe nakusifu. Aliyeharibu meno ya nati akarudi kesho yake, akafukisha moshi mtaa mzima na bado akarudi, huyo fundi anakuja.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi nenda kwa Thaneshwar watu wakiwa kwenye foleni ya maziwa, umwambie kwa sauti ileile aliyofokea yeye kwamba tundu uliliacha wazi wewe. Akikutukana, meza. Kisha nenda gerejini, itoe pikipiki nje mahali kila anayevuka atakuona, umwombe dada asimame nyuma yako asiguse kitu. Badilisha hiyo valvu kwa mikono yako. Ukikosea, fungua tena.

Na ikiwaka, usiipande wewe. Mpe dada Dilmaya ampelekee Thaneshwar mwenyewe, na apite polepole mbele ya gereji ya ng'ambo.