Sabufa Nne za Chalong

Jumatatu, 1 Julai 2019

Jino la mtu liko sakafuni mwa karakana yangu. Sijaliokota. Lilale hapohapo.

Chalong, mtoto wa mwenye kinu cha mpunga, kaja asubuhi na pikapu yake. Nyuma kapanga sabufa nne za inchi kumi na tano. Na amplifaya mpya, inang'aa, imeandikwa wati elfu tano. Nikaigeuza nikaangalia fyuzi: mbili, za ampea thelathini kila moja. Mimi sisomi wati, nasoma fyuzi. Fyuzi haijui kusema uongo. Ile haifiki hata elfu moja! Na haivumilii chini ya omu mbili, basi. Yeye anataka sabufa zote nne nizifunge pamoja, zishuke mpaka omu moja, ndiyo zingurume.

Nikamweleza polepole. Omu ni breki. Ukizipunguza, umeme unakimbia bila kushikwa, na kiamplifaya dhaifu kama hiki kitaungua. Akasema: fundi mwanamke anaogopa moto. Nikamwambia debe tupu haliachi kuvuma.

Hapo nilimchokoza, najua. Akanikamata nywele akanigonga kichwa kwenye mlango wa gari. Mara mbili. Kong akatokea nyuma ya tairi na mpini wa jeki. Yeye mara moja tu — jino!

Kong ni mdogo wangu. Jumamosi anaingia utawa. Jumamosi hii!

Jumanne, 2 Julai

Kichwa kinauma. Uvimbe sawa na yai.

Tumeitwa kwa mtawa mkuu. Hakutugombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Amesema mwenye kesi polisi havalishwi joho la utawa. Na hata bila kesi, anayeingia utawa lazima aombe radhi kwa kila aliyemkosea. Chalong hajaenda polisi, anaona aibu. Kwa hiyo kesho tunakwenda na maua na mishumaa.

Njiani Kong akauliza, "Na yeye aliyekugonga wewe, dada, ataomba radhi lini?"

Nikamzaba kofi. Barabarani, mbele ya watu. Nani kamwambia aulize maswali? Mama figo zimekwisha. Daktari ameacha kutaja tarehe. Kwetu mama hushika pindo la joho la mwanawe, ndilo linamvusha peponi, na Mama hana kingine anachongoja duniani. Analala na picha ya Kong kifuani tangu mwaka jana.

Usiku nililia. Si kwa ajili ya uvimbe.

Jumatano, 3 Julai

Nitamuua Chalong. Naandika ili nisifanye.

Kong alipiga magoti uani kwao, akainama mpaka paji likagusa sementi. Maua mbele yake. Akasema maneno yote ya kuomba radhi, hakuruka hata moja. Chalong alikuwa anakula mishkaki. Akavua kandambili, akaweka mguu juu ya kichwa cha Kong. Mguu! Kichwani! Sisi hata mtoto mdogo hatumgusi kichwa ovyo kwa mkono. Akala mshikaki wote, mguu ukiwa palepale. Mimi nilikitazama kile kijiti chake na nikalitazama jicho lake.

"Haya, nimekusamehe," akasema. "Ila Jumamosi pikapu yangu ndiyo itaongoza maandamano yako ya kwenda hekaluni. Na dada'ko ndiye atanifungia mziki. Sawa, mtakatifu?"

"Sawa, kaka," Kong akajibu kutoka chini.

Chalong akacheka. Pengo linaonekana vizuri sana. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi!

Alhamisi, 4 Julai

Nimemfungia. Nimefunga kama ningemfungia baba yangu. Nikimharibia, maandamano yanaharibika, na Mama je? Sabufa mbili nimezifuatanisha, mbili nyingine hivyohivyo, kisha nikaunganisha jozi na jozi. Testa ikasema omu nne. Kile kiamplifaya kitaishi. Hakitatetemesha nyumba, lakini kitafika hekaluni kinaimba.

Chalong akaja kusikiliza.

"Hii besi, au bibi yangu anajikuna?"

"Ndiyo nguvu ya amplifaya yako, kaka. Ukitaka zaidi nunua nyingine."

"Unanifundisha?"

"Umeniuliza."

Akachukua chuma cha kulehemu mezani, bado cha moto, akakigusisha kwenye mkono wangu. Taratibu. Nilinusa ngozi yangu mwenyewe. Akasema mziki usipopiga Jumamosi atanivunja mikono yote miwili, nilehemu kwa meno. Akaondoka kwa pikipiki. Pikapu kaiacha kwangu, mashangazi waje waipambe maua.

Kong aliona kila kitu. Alikuwa amechuchumaa pale anasokota waya. Hakuinuka, aliendelea kusokota tu. Nikamsifu moyoni: utawa umeshamwingia.

Ijumaa, 5 Julai

Leo shwari.

Kong amenyolewa nywele na nyusi. Mama alikata kishungi cha kwanza, nimemshika mkono. Bila nyusi Kong anafanana na kichanga. Kavalishwa nguo nyeupe, sasa hatumwiti Kong tena, tunamwita nyoka mpaka kesho. Ni kwa ajili ya yule nyoka wa zamani aliyejigeuza mtu akaingia utawa kwa hila, alipolala akaonekana ni nyoka. Tangu siku hiyo kila anayeingia huulizwa: wewe ni binadamu? Asiyejibu ndiyo havalishwi joho.

Wiki nzima karakana imejaa maswali hayo, kwa lugha ya kale ya watawa. Una ukoma? Hapana. Una kifafa? Hapana. Wewe ni binadamu? Ndiyo. Hata mimi nimeyajua.

"Swali jepesi kuliko yote," Kong akasema akicheka. "Hata mbuzi anaweza kudanganya."

Vidole vyake vimechanika, kavizungushia utepe mweusi. Anasema ni waya wa mapambo.

Jumamosi, 6 Julai

Naandika kwenye mkeka nje ya ukumbi wa hekalu. Wanawake hatuingii. Karatasi ina damu, pua haitaki kukauka.

Pikapu ilipowashwa tu nilijua. Ule mngurumo! Vioo vya duka vinalia, kuku wanaruka ua, kifua kinagongwa kwa ndani. Hiyo si omu nne! Nikakimbilia gari, vijana wanacheza, hakuna njia. Chalong juu ya bodi, mikono hewani, anafurahi kama mtoto. Kong nyuma, mabegani mwa wajomba, kashika yungiyungi, uso umetulia kabisa.

Karibu na daraja, moshi. Harufu ya plastiki. Kisha kimya.

Vijana wa kijiji cha pili wakaangua kicheko: "Kimekufa! Kimekufa!" Chupa ikaruka. Mmoja kashika sikio, nusu liko mkononi mwake. Wakapigana katikati ya maua ya mashangazi, kwa chupa, kwa fimbo za bendera, mzee mmoja kwa mwavuli.

Chalong akanivuta shingo mpaka kwenye boksi la nyaya. Fungua! Nikafungua. Nyaya zote nne pamoja, zimesokotwa kuelekea kushoto. Miaka yote namgombeza Kong kwa msokoto ule. Hapa kijijini hakuna mwingine anayesokota hivyo.

Chalong akauliza nani kafunga hivi.

"Mimi," nikasema. "Kwa mkono wangu."

Akaing'oa amplifaya, ya moto bado, akanipiga nayo usoni. Nilisikia mfupa. Nilipofumbua macho Kong anahangaika kushuka mabegani, yungiyungi liko chini, ngumi ziko juu. Nikapiga kelele na damu mdomoni: "Ingia ndani! Ukimgusa tu, Mama anakufa leo!"

Alinitazama. Alijua kwamba najua. Wakambeba ndani.

Chalong kakaa langoni na panga la miwa. Ndani ya uzio wa hekalu hathubutu. Amesema atangoja, ana siku nzima. Mama yuko kando yangu, ameshika upindo wa blauzi yangu, anafanyia mazoezi. Anauliza kwa nini navuja damu. Nimeanguka, Mama.

Spika ya nje iko juu ya mnazi. Ndogo, na amplifaya ndogo, nilivifunga mimi mwaka juzi. Vinapatana, kila neno linafika. Una ukoma? Hapana. Una majipu? Hapana. Una kifafa? Hapana. Sauti yake safi, haitetemeki.

Wewe ni binadamu?

Kimya.

Nilidhani spika imekata. Haijakata, namsikia mtawa mkuu anavyopumua. Anauliza tena, polepole zaidi. Langoni Chalong ameinua kichwa, anasikiliza.

Mama ananivuta blauzi. Mbona hajibu? Waya umekatika?

Waya mzima, Mama. Nimeufunga mimi.