Maagizo ya Muuguzi Mwanarehema

Mikindani, Mombasa
16 Novemba 2025

Mdogo wangu Ngumbao,

Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Doha, na kwamba lile jino limeacha kukusumbua. Sisi hapa hatujambo. Mwanao Kadzo ameota jino la tatu na anasimama akishika meza. Joto limeanza, na maji hayajatoka tangu Jumatano. Nimeandika kwa mkono ili Matthew akuletee atakaposafiri Alhamisi, kwa sababu ujumbe wa sauti wenzako wa chumba huusikiliza, na kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijamaliza.

Nimepata habari kwamba umemchumbia Linda wa Kiembeni, na kwamba nimpeleke mtoto kwake kabla ya Krismasi ili wazoeane. Hongera. Jibu langu liko mbele. Kwanza tuyapitie mambo ya mkeo Nyambura kwa mpangilio. Unajua mimi huandika shajara kila siku, na Jumapili iliyopita ulimweleza Mchungaji Changawa mambo ambayo humo hayamo.

Nyambura alijifungua tarehe 9 Februari. Alisukuma kwa saa tatu, mtoto akatoka na kilo nne na robo, naye akachanika na kushonwa. Mama yake alikuwa mgonjwa huko Nyeri, kwa hiyo kazi ya kumuuguza Nyambura uzazini ikawa yangu. Nilimkanda kwa maji moto, nikampikia uji wa pilipili manga, nikamfunga mkaja tumboni kwa nguvu zangu zote, kama alivyokuwa akifungwa mama. Wiki ya tatu maji yalipokatika nilimtuma kisimani kwa jirani yetu Mwidani, dumu la lita ishirini kila mkono. Akasema, wifi, chini bado kunauma. Nikamwambia kama alitaka kulala angeolewa kwao.

Tarehe 4 Machi nimeandika kwamba alikohoa akalowa. Tarehe 11, alicheka akalowa. Tarehe 20 alinifuata jikoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba akisimama sana anahisi kitu kizito kinamshuka, akaniuliza kama ndivyo ilivyo kwa kila mzazi. Nilimjibu kwamba sijawahi kuona mwanamke mzima wa namna hiyo. Nikatandika nailoni kwenye kochi, mbele ya wageni. Mwidani alipouliza nailoni ya nini, nilimwambia mifereji yote ya Mikindani imekauka isipokuwa huu wetu wa kutoka Nyeri. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na Nyambura amesimama pale na sinia la chai. Tangu siku hiyo kisimani wakawa wanamwita Mfereji. Mfereji, leo umefungwa? Mfereji, tuwekee ndoo! Aliacha kwaya. Akaacha kunywa maji ili abaki mkavu, na maziwa ya mtoto yakapungua.

Nilikuwa nikikupigia kukueleza hayo yote. Ukaja likizo mwezi wa Agosti, ukalala naye usiku mmoja tu, kisha ukahamia sebuleni. Siku ya nne ulimwambia mbele yangu kwamba hukulipa mahari ya mtoto mchanga, na kwamba nyumba inanuka. Tarehe 28 tulimsindikiza stesheni ya Miritini arudi kwao Nyeri. Ulimwambia mtoto atabaki, kwa kuwa yeye hata mwenyewe hajiwezi. Maziwa yalikuwa yameloanisha gauni lake kifuani, nawe ukasema, kumbe na juu pia panavuja. Nilicheka, Ngumbao. Hilo nalo nimeliandika.

Jumamosi tarehe 8 mwezi huu alirudi na shangazi yake. Amenenepa kidogo, anatembea wima. Alieleza kwamba huko kwao alimpata mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akafundishwa kuikaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, ahesabu hadi tano, alegeze, arudie mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Wiki kumi tu, na sasa anakohoa bila wasiwasi. Alimnyooshea Kadzo mikono. Mtoto akamtazama, akalia, akauficha uso kifuani mwangu. Nyambura akasema, hanijui, kisha akanishukuru kwa kumlea vizuri.

Siku iliyofuata tukakaa kwa Mchungaji, nawe ukiwa kwenye simu. Uliapa kwamba kama ungejua ule ni ugonjwa wenye tiba, ungemtibu mkeo hata kwa kuuza shamba. Mchungaji akanigeukia, akauliza kama siku ya kujifungua tulipewa maagizo yoyote. Nilisema hatukupewa. Wazee wakaamua mambo yasubiri mpaka urudi, na mtoto akae alipozoea. Nyambura akaondoka mikono mitupu.

Sasa nikwambie. Maagizo yalitolewa. Nyambura akiwa bado anashonwa, muuguzi Mwanarehema aliniita kando, akanieleza neno kwa neno yale aliyofundishwa Nyambura huko Nyeri. Asinyanyue vitu vizito. Mkaja usibane. Arudi baada ya wiki sita, na mkojo ukiendelea kumtoka asione aibu, aseme, atatibiwa. Akanipa na karatasi yenye picha. Niliikunja nikaitia kwenye shajara, na humo imo hadi leo. Mimi mume wangu alinirudisha baada ya miaka sita bila mtoto. Nilipomshika Kadzo siku ile sikutaka mama yake apone.

Lakini soma na ukurasa wa tarehe 12 Februari, nimeunakili kama ulivyo: "Nimemweleza Ngumbao kuhusu karatasi ya muuguzi. Amecheka. Amesema, dada, usimdekeze, mama alituzaa sita na wiki hiyo hiyo akabeba kuni, ukimpa karatasi hiyo atalala mwaka mzima." Ulijua tangu siku ya tatu.

Kwa hiyo Kadzo haendi Kiembeni. Ukija kumchukua kwa nguvu, nitaipeleka shajara kwa Mchungaji, na ukurasa wangu utasomwa pamoja na wako. Mimi sina cha kupoteza isipokuwa huyu mtoto. Kwa Nyambura nimejaribu kuandika mara mbili, nikachana.

Na Linda akijifungua, usinitume mimi kumuuguza. Nenda wewe mwenyewe, usimame mbele ya muuguzi, usikie.

Nisalimie wenzako wote. Matthew amebeba na zile pilipili za kukaushwa ulizoagiza. Mungu akulinde kazini.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Jumwa