Ukungu Juu ya Shilingi

Jumatatu, 1 Machi 2004
Shanga za kijani zimeisha tena. Jioni Mama Ifrah, jirani yangu wa duka la nguo, aliniletea shilingi ya zamani ndani ya kasha la plastiki. Marehemu mumewe aliitunza miaka yote. Anataka niizungushie waya, bila kuitoboa, Ifrah aivae siku ya harusi. Amenipa mimi, si sonara wa Nairobi. Nimevimba kichwa.

Jumanne, 2 Machi
Nimeisugua kwa majivu na ndimu, kama sarafu zote kabla ya waya. Uwanja wake, ile sehemu tupu inayozunguka picha, ulikuwa unang'aa tayari, ila kichwa cha mtu kilichochorwa kilikuwa na weupe kama ukungu. Uchafu, nikasema. Sasa kimetakata. Kazi safi.

Alhamisi, 4 Machi
Nimeitazama juani. Mikwaruzo kila mahali, myembamba kama nywele. Juzi niliuona uso wangu humo. Leo siuoni.

Ijumaa, 5 Machi
Nimeipeleka Kajiado, kwa mzee mmoja anayekusanya sarafu. Aliuliza nani ameifanyia hivi. Nikasema sijui.

Akaweka yake kando ya shilingi ya kawaida. Ya kawaida, hata ikiwa mpya, hung'aa kotekote sawasawa. Yake, aina wanayoiita pruf, iligongwa mhuri zaidi ya mara moja ili itunzwe tu, si ya kununulia sukari. Ukingo mkali, uwanja kioo kitupu, kichwa cheupe kama kimenyunyiziwa unga. Weupe ule ndio kazi yenyewe. Ukisuguliwa haurudi.

Masikio yanawaka kwa haya. Mjinga mimi. Na najiita fundi.

Jumamosi, 6 Machi
Nimeshaizungushia waya, na Mama Ifrah amekuja kuichukua. Akaigeuza, akaigeuza tena. Nikamwambia plastiki ilikuwa imeiharibu kitambo. Uongo, mchana kweupe, kwa mtu aliyenilelea mtoto nilipolazwa hospitali. Akanishukuru. Chakula kimenishinda.

Jumatatu, 8 Machi
Kanisalimia kama kawaida. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 10 Machi
Leo kaja na kasha lingine. Senti hamsini, iliyokuwa seti moja na ile shilingi ya mumewe. Hii ni ya binti mdogo. Akaiweka mbele yangu juu ya kitambaa.

"Mama Wambui, hii pia weka waya. Lakini hii usisugue."

Kumbe alijua tangu Jumamosi. Nikamwambia ile niliiharibu mimi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi dukani kwake.

Nimeifunga nikiishika ukingoni tu. Kopo la majivu nimeliondoa mezani.